Wagiriki wa Neema na Bi Tatu Wangu

Jumatatu, 14 Julai
Chai, mihogo, kibarazani. Mabibo vumbi tupu. Mpangaji wetu Neema, binti wa Kinyakyusa anayesoma chuo, kaja tena na kompyuta yake. Anasoma magazeti ya Kiingereza ya enzi za Malkia Viktoria, zamani hizo, anaangalia yalivyowaandika wanawake wa Kigiriki. Mie shule niliionaga kwa nje tu, ila hili limeninasa. Nimeuliza hadi chai ikapoa. Anasema mwandishi mmoja alisafiri mpaka huko, akamkuta mama anafua nguo, akanuna. Kisa? Pua ya mama haifanani na ya masanamu ya kale. Nimecheka mpaka meno ya bandia yakachomoka. Unamfuata mtu kwao kumkagua pua!

Jumanne, 15 Julai
Leo hadithi zao. Zinafanana zote. Binti wa Kigiriki analia, tajiri wa Kituruki anamtaka, kijana wa Kiingereza anatokea na farasi kumwokoa. Nikamwambia Neema hiyo cha mtoto. Nikampa ya kwangu: nilivyomtorosha mke wangu Bi Tatu kule Mkuranga. Kafungiwa ndani, analia, tajiri wa korosho kashaleta posa, mie huyo na baiskeli. Dar nzima hakuna anayesimulia kama mie.
Neema hoi kwa kucheka. "Babu, ni ile ile! Umebadilisha farasi tu."
Kaomba aitie kwenye kazi yake ya chuo. Kichwa kimenivimba.

Alhamisi, 17 Julai
Balaa. Neema kamsomea mke wangu alichoandika, eti ahakikishe. Bi Tatu katulia hadi aliposikia eti alikuwa analia.
"Mie? Nilie?"
Halafu kauliza: na hao Wagiriki, wenyewe wanasemaje? Neema kajibu, kwenye hadithi nyingi hawaulizwi. Bi Tatu kanyanyuka, kafunga kanga zake, kaenda kwa dada yake Mbagala.
Miaka yote nasimulia mbele yake. Yeye anapika, kimya. Nilidhani anafurahia.

Ijumaa, 18 Julai
Nyumba mbaya. Nimesonga ugali, paka kaukataa. Namtaka mke wangu. Nimepiga simu, kakata.
Kitu kimoja kinaniwasha. Yeye angeisimuliaje? Sijawahi kumuuliza.
Jioni shemeji kapiga. Njoo na mshenga wako. Usije peke yako na maneno yako.

Jumapili, 20 Julai
Mbagala. Kwetu mume akimfuata mke aliyenuna, anakaa mkekani, mshenga ndiye anaongea. Mume hafungui mdomo mpaka mke amalize. Mie, nisifungue mdomo! Mshenga wangu Mzee Kombo kanikanyaga vidole kila nikivuta pumzi.
Bi Tatu kasema. Posa ya tajiri aliikataa yeye mwenyewe, mbele ya baba yake, macho makavu. Mie niliitwa. Alimtuma shoga yake. Na baiskeli kaendesha yeye, mie nimepakiwa nyuma na mguu umevimba.
"Kumbe shujaa wa kwenye keria!" shemeji kadakia. Mkeka mzima ukacheka, na Mzee Kombo naye, msaliti.
Mguu ulikuwa umevimba kweli. Hilo hawakulijali.
Bi Tatu hakucheka. "Baba Shabani, ukitaka nirudi, hadithi yangu naisimulia mie."
Nimeitikia kwa kichwa. Mdomo ulikuwa bado chini ya ulinzi.

Jumanne, 22 Julai
Karudi. Neema kafuta ya kwangu, kaandika ya Bi Tatu. Sasa anatafuta kwenye magazeti yale Mgiriki hata mmoja aliyejieleza mwenyewe. Bado hajampata. Namwombea ampate. Nataka kumsikia.
Jioni Bi Tatu anachambua mchicha. Ghafla kasema, njiani siku ile, porini, ilibaki kidogo anishushe arudi kwao.
Hilo sikuwahi kulijua. Nilikuwa na utani mdomoni, mzuri kweli. Nimeumeza.
Nikasogeza kigoda karibu yake. Nikamwambia, "Endelea."