Picha ya Furu Si Yangu

Kikuyu, Dodoma

Mke wangu Mama Masanja,

Salamu zikufikie kutoka huku kwenye vumbi na upepo. Mgongo unaendeleaje? Na yule ng'ombe aliyekuwa akichechemea amepona? Mimi ni mzima, ila midomo inapasuka kwa ukavu, na kuna jambo linanikereketa moyoni. Sikutaka kulisema kwa simu, maana ujumbe wako husomwa na binti yetu kwa sauti na majirani wote wanasikia. Barua hii isome peke yako.

Unaijua kazi niliyopewa na yule mwanafunzi wangu wa zamani katika hoteli yake, njia ya kwenda Msalato: kutunza tangi la kioo la samaki pale mapokezi. Waliomo ni furu, hawa hawa samaki wadogo wa ziwa letu ambao huko nyumbani tunawaanika juani na kuwatupia bata. Hapa watu wa maofisini wakija kula mchana huwashangaa kama wameona twiga.

Majuzi jike mmoja alianza kukataa chakula, mashavu yamemvimba. Nikajua ana mayai kinywani. Furu hulea wanawe mdomoni. Huwatoa wakacheze, na akiona hatari huwakusanya tena bila kummeza hata mmoja. Mwenye hoteli akasema picha ya atakayelinasa tukio hilo itatundikwa ukutani pamoja na jina lake. Sikuwa na shaka. Nani mwingine, kama si mimi Msukuma wa ziwani, tena mwalimu wa baiolojia?

Kupiga picha kupitia kioo kuna adabu yake. Ukisimama mbali, kioo kinakurudishia sura yako na taa zilizo nyuma yako. Ukiwasha taa ya simu, unapata jua jeupe mahali pa samaki. Sharti uiegemeze simu kwenye kioo, ujifunike kitambaa cheusi, utulie. Yote hayo nilimfundisha mpishi wetu Ndahani, Mgogo wa hapa hapa, ambaye samaki amezoea kuwaona sufuriani tu.

Siku ya tukio alikuwa amekaa juu ya ndoo, aproni yake nyeusi kichwani, kimya. Mimi nilikuwa pembeni nikimweleza mgeni mmoja jinsi mwanga unavyorudi ukigonga kioo. Nilikuwa bado katikati ya maelezo niliposikia, "Tayari, Mwalimu!"

Jike alikuwa amefungua kinywa, na wanawe wanaingia kama punje za uwele zinazomiminwa ghalani. Nilipoinua simu yangu, wote walikwisha kuingia.

"Nyie Wasukuma mna ziwa zima, samaki mmoja anawashinda?" alisema mtani wangu, anacheka.

"Umebahatisha tu," nikamjibu.

"Bahati gani? Sisi tunangoja mvua mwaka mzima, nitashindwa kungoja samaki?"

Kisha akanitumia picha ile. "Mtumie shemeji, aone samaki wa kwao."

Nikakutumia. Sikuandika neno. Nawe ukajibu, "Kumbe nimeolewa na fundi!" Ukaiweka kwenye simu yako, ukawaonyesha kina mama wa kwaya. Miaka yote ya ndoa yetu hujawahi kuniita fundi, hata nilipoezeka nyumba. Sikuweza kuukataa utamu ule, na kila nilipoukumbuka nilimchukia Ndahani, kwa sababu ulikuwa wake.

Sasa picha iko ukutani, imeandikwa jina lake. Kila asubuhi nikifuta kioo cha tangi naitafuta kasoro yake. Haina. Nawe unasema utakuja baada ya mavuno. Kusema kweli, kama usingekuja, huenda nisingekuambia. Picha ile si yangu. Zangu ninazo nyingi, na katika zote ninaonekana mimi kuliko samaki.

Nisalimie binti yetu, mwambie aendelee kukukanda mgongo. Msalimie kaka yako anayetuchungia ng'ombe, na mama mkwe, shikamoo yake.

Ukifika hapa, Ndahani atakuja mbio kukupokea. Mpe mkono, mwambie picha yake ni nzuri. Mwambie mara moja tu, Mama Masanja. Inatosha.

Mumeo,
Baba Masanja