Mgonjwa Mzima

Dada yangu mpenzi,

Mwandiko umepinda kwa sababu naandikia mapajani. Nimekaa kwenye benchi la korido, nimevaa koti jeupe la mwanamke, limenibana mabegani nikikohoa tu litachanika. Shati langu limebaki ndani, liko mgongoni mwa kiti, na humo ndani madaktari wanabishana juu ya moyo wangu. Moyo wangu mimi, dada. Huu huu ambao wewe ulikuwa ukisema unaishi kooni, kwa vile mgeni akinisalimia nakosa sauti.

Lakini mshtuko usinitoe adabu. Shikamoo. Hujambo wewe, shemeji hajambo, mpwa wangu hajambo? Goti la shemeji limepoa? Mimi nilitaka kuandika hapa kwamba ni mzima wa afya, kama siku zote, mkono ukakataa. Ndiyo maana nimechukua karatasi badala ya simu. Kwenye simu ningesema mzima, wewe je, na mazungumzo yangeishia hapo. Unanijua.

Nilikwambia nimepata kazi chuoni, kazi ya kulala, ukacheka ukasema hatimaye wamekupata fundi wa kulala. Sikukueleza vizuri kwa sababu naona haya. Kazi yangu ni kuumwa. Siyo kuumwa kweli. Mama mratibu wa mitihani ananiita asubuhi ananifundisha ugonjwa wa siku hiyo kwa mdomo, maana karatasi zao ni za Kiingereza, na anajua Kiingereza nasoma kwa kuungaunga. Leo una kikohozi, homa huna, chakula unakula, ngazi unapanda vizuri. Ananiuliza, namjibu, mpaka inakaa. Kisha navua shati napanda kitandani, wanafunzi wanaingia mmoja mmoja, kengele ikilia huyu anatoka yule anaingia. Wananigonga mgongo, wananiminya tumbo, wananipa pole. Nimepewa pole kuliko wafiwa. Ndiyo wakanipachika jina, Mgonjwa Mzima.

Kazi inanifaa. Watu wanakuangalia wala hawakuoni, na maneno yote umepewa, huna haja ya kuyatafuta. Sharti ni moja tu, mama mratibu kalirudia mpaka nalisikia ndotoni: hujibu la kwako. Ukiulizwa anajibu mgonjwa, wewe hupo.

Sasa chuo chenyewe ni chuo cha kati, wanasomea utabibu. Kimepakana na chuo kikuu, katikati ukuta, na kwenye ukuta kuna geti dogo la chuma. Wa huku wanaanza cheti, wanapanda stashahada. Wa kule wanasomea udaktari wenyewe, wengi wametoka sekondari moja kwa moja, bado wananukia bweni. Mtu wa huku akitaka kuvuka kwenda kule inawezekana, ila siyo kwa miguu tu. Awe na stashahada nzuri, awe ameshafanya kazi, na apite mtihani wa vitendo mbele ya watahini wa pande zote mbili. Wanaovuka ni wachache mno. Na wakivuka, wale wa kule wanawaita watu wa dirishani, eti wao wamepita mlangoni.

Hilo dirisha nalo lilinitoa jasho mwanzoni. Nilikuwa nasikia dirisha la maombi limefunguliwa, fanya haraka, dirisha linafungwa Ijumaa. Nikazunguka majengo yote nilitafute nilione. Nikaishia kwa karani wa udahili, nikamuuliza chini chini kama ni lile la kwake lenye nondo. Alicheka mpaka akashika meza. Akaniambia kijana, dirisha ni muda tu, halina kioo.

Yuko mwanafunzi mmoja wa stashahada, mtu mzima kidogo, rika lako. Wanamwita Dirisha hata kabla hajavuka, na yeye anaitika. Anasema afadhali dirisha linaingiza hewa, mlango unaingiza hata wezi. Huyu alianza kwa kufua mashuka ya wodini. Akasoma cheti, akaenda kufanya kazi zahanati, akarudi kwa stashahada. Mwaka jana aliomba kuvuka, wakamkwamisha kwenye fizikia, akaenda kurudia fizikia amekaa dawati moja na vitoto vinavyomwita mama. Mwaka huu ndio wa mwisho kwake. Zahanati wamemwambia asipopata safari hii arudi kazini, ruhusa nyingine hakuna.

Jumatatu ndio ulikuwa mtihani wa kuvuka, ikafika zamu yake kwangu. Ugonjwa wangu ulikuwa kikohozi. Alinisalimia, akakifikicha kile kipimo cha kusikilizia kwenye kiganja kipate joto. Yeye peke yake ndiye anafanya hivyo, wengine wote wananibandika ubaridi. Akasikiliza mapafu, akasema safi. Akahamia kwenye moyo. Hapo akakaa. Akaniambia nisimame, nichuchumae, nisimame tena, akasikiliza upya amefumba macho. Mimi namwangalia. Unajua mtu akinusa harufu ya kuungua na hajui inatoka jiko la nani? Alikuwa na uso huo.

Akaniuliza kama nachoka nikipanda ngazi. Akaniuliza kama nimewahi kuanguka nikazimia. Akauliza kama nyumbani kwetu kuna mtu alikufa ghafla akiwa bado na nguvu zake. Nikajibu hapana, hapana, hapana, kama nilivyofundishwa.

Daktari mkuu, mtahini wa kutoka kule, alikuwa amekaa kwenye kona na kalamu yake. Akamkumbusha Dirisha kwamba huyu mgonjwa kaja na kikohozi. Dirisha akasema kikohozi atakitibu, lakini kwenye moyo kuna mvumo, unazidi mgonjwa akisimama, na anaomba mgonjwa apelekwe kupimwa zaidi. Daktari akauliza kama ana uhakika, maana mgonjwa mwenyewe kakana yote. Dirisha akasema mgonjwa kakana, moyo haujakana. Kengele ikalia.

Kwenye vitanda vingine vyote alifaulu. Kwangu alianguka. Walimwandikia kamzulia mgonjwa ugonjwa, na kwao hilo ni kosa kubwa kuliko kutojua. Vijana kwenye korido wakapata la kuchekea, wakasema Mgonjwa Mzima abadilishiwe jina, Dirisha kamfungulia maradhi. Nikamwona anakuja upande wangu, macho mekundu. Nikajua anakuja kunitukana, nikatazama viatu. Akaniambia taratibu, kaka, mtihani niachie mimi, wewe kapimwe. Sikutunga. Basi, akaenda zake.

Nikarudi nyumbani. Ghorofa ya pili nikasimama kama ninavyosimama kila siku, nikajifanya natafuta funguo. Mama wa jirani akanipita na ndoo ya maji kichwani, akaniambia wewe kijana funguo zako zinapotea palepale kila siku? Dada, nikazitoa funguo mfukoni, zilikuwemo muda wote. Nilikuwa sijawahi kujisikia aibu ya uongo ambao sikujua nausema.

Kesho yake nikaenda hospitali ya nyuma ya chuo. Fundi wa picha za moyo ananijua, mtu wa utani sana. Akaniuliza leo wamekupangia ugonjwa gani, ukija na mimba nitakupima pia. Akanipaka ute wa baridi kifuani, anasogeza kile kidude, anapiga soga. Halafu soga ikakatika. Akakibonyeza zaidi. Akasogeza kiti karibu na kioo. Mcheshi akinyamaza ghafla hivyo, hata kama huna elimu unajua. Nikageuza kichwa nikauona moyo wangu, unafunga kama ngumi na kufunguka nusu. Sikuamini ni wangu. Nilidhani labda ni wa mtu aliyepimwa kabla yangu.

Daktari wa pale akaja akanieleza pole pole, na mimi nakuelezea nilivyoshika. Nyama inayogawa pande mbili za moyo imenenepa, damu inatoka kwa kujipenyeza. Nimezaliwa nayo. Akaniuliza maswali yale yale matatu ya Dirisha. Nikafungua mdomo niseme hapana, kwa mazoea tu. Ikabidi nianze upya. Nikasema ndiyo. Nikasema ndiyo, niliwahi kuanguka bombani, nikadanganya nimeteleza. Na la tatu nikasema ndiyo.

Kutoka hapo nikaenda kwa mama mratibu. Wewe unajua mimi kumfuata mtu ofisini ni kitu gani. Nilisimama mlangoni mpaka akauliza kama nimekuja kupaka rangi fremu. Nikamwambia mama, Dirisha hakutunga. Nikaweka picha mezani. Aliitazama, akanitazama, akakaa, kisha akaniomba radhi kama mimi ndiye mkubwa. Anasema yeye ndiye aliyenifundisha kusema ngazi napanda vizuri.

Daktari mkuu alinisikiliza mwenyewe. Nikachuchumaa, nikasimama. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa, akaivua tena. Akasema siku naajiriwa ndiye aliyenipima akasema safi. Alitaka mtu mzima, akasikia mtu mzima. Nikatamani kumpa pole, nikakumbuka kwamba pole ni zangu.

Leo ndiyo kikao. Wote wamenisikiliza kwa zamu, nimechuchumaa mpaka mapaja yanawaka. Kuna wanaosema matokeo ni matokeo, tukifungua hili kila aliyeanguka atadai mgonjwa wake alikuwa mwongo. Daktari mkuu akawaambia safari hii mgonjwa kweli alikuwa mwongo, na sisi ndio tuliomfunza. Wakanitoa nje wabishane. Dirisha yuko hapa hapa benchini, koti ni lake, na karatasi hizi kanipa yeye. Anakunja na kukunjua kitambaa. Nilimwambia nisamehe. Akajibu nikae wima nipumue vizuri.

Mama mratibu katoka sasa hivi kuninong'oneza. Wamekubaliana Dirisha arudie mbele yao wote, na mimi nijibu ya kwangu. Akipita, jina lake linaingia leo, maana dirisha linafungwa jioni, lile lisilo na kioo. Akishindwa kujieleza, ndiyo basi.

Dada, haya yote ningeweza kukusimulia siku nyingine. Lililonifanya niandike leo ni lile swali la tatu.

Baba hakuwa mvivu.

Walimwita Mzee Pumzika kiwandani, nasi tukacheka nao. Alikuwa akibeba kidogo anakaa kwenye ngazi, msimamizi anamkatia siku. Na alikaa pale pale siku ile hakuinuka, na hata msibani nilimsikia mtu akisema kafa kapumzika kama alivyoishi. Sisi wenyewe tumekua tukisema ni watoto wa mvivu, wewe ukiweka ndoo katikati ya ngazi unasema damu ya baba hiyo. Nilimweleza yule daktari wa hospitali. Akaniuliza baba alikuwa na umri gani, nikamwambia, akaacha kuandika. Akasema kijana, baba yako alikuwa akipanda zile ngazi na moyo kama huu, na alizipanda kila siku. Tangu hapo sijaweza kula vizuri. Nampigia hesabu zile ngazi.

Na daktari kasema ugonjwa huu unafuata damu. Siyo wote, lakini wote wapimwe. Dada, ile ndoo ya katikati ya ngazi siyo utani tena. Nenda hospitali, na uwaambie wakusikilize ukiwa umesimama, wakwambie uchuchumae, usikubali mtu akuguse juu juu aseme safi. Waombe na picha. Mpeleke na mpwa wangu. Yule huwa anakaa chini katikati ya mpira na mwalimu wa michezo anampigia filimbi ainuke. Mwambie mwalimu amwache akae. Mwambie leo, kabla hujamaliza kusoma hii, halafu urudi umalizie.

Usilie sana. Nimepewa dawa, nimekatazwa kubeba mizigo na kukimbia, na daktari anasema nikifuata masharti naweza kuishi mpaka nipate kipara cha babu. Naogopa, sikufichi. Lakini siyo ule woga wangu wa kawaida.

Msalimie shemeji, mwambie goti lake sasa limepata mwenzake wa kulalamika. Mkumbatie mpwa wangu, usimwambie kwa nini unamkumbatia muda mrefu.

Lazima niishie hapa. Mlango umefunguliwa, Dirisha kasimama, kanyoosha sketi yake, anafikicha kile kipimo kiganjani. Koti analitaka. Nimesikia wameita mgonjwa aingie, nikageuka nyuma kumtafuta huyo mgonjwa, na korido haina mtu mwingine.

Mdogo wako wa mwisho