Foleni ya Ghala Jipya

Kaka mpendwa,

Huku tu wazima. Ghala kubwa la supamaketi limefunguliwa, na mimi nimeajiriwa kupokea fomu za wanaoomba kazi. Mama amenunua mapazia mapya. Duka la baba tulilifunga mwezi uliopita, wateja wote wamehamia supamaketi.

Jumanne nilimwona baba kwenye foleni, amenyoa ndevu. Hakuwa ameniambia. Bosi alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikasoma fomu ya baba, nikasema, "Umri umepita, mzee."

"Asante, dada," akajibu, akaondoka kana kwamba hanijui.

Jioni tulikula pamoja. Akaniuliza kama viatu vya kazi vinanibana. Nikasema havibani. Sijalia, kaka.

Ukipiga simu, usimuulize kitu.

Mdogo wako