Homa ya Siku ya Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya nne tangu dawa. Vidole vya miguu vimekufa ganzi tena. Chai ina ladha ya chuma. Uji pia. Hata mate yangu.

Wifi yangu Agnes ndiye anayefungua hoteli yangu siku hizi. Malori yamepanga foleni hapa Malaba kuelekea mpakani na madereva wanataka chapati na nyama. Harufu ya kitunguu hunifuata mpaka nyumba ya nyuma. Zamani nilikuwa nainjika sufuria mbili za maharagwe kabla jua halijatoka. Leo nimemenya kitunguu kimoja nikakaa chini. Nachukia.

Dawa hii ya kemo imefika ya tano, imebaki moja. Ovari zilitolewa Oktoba, pamoja na uvimbe ambao miezi yote ile niliuita kitambi cha uzee.

Nimempigia Nafula. Ndiyo sheria ya kikundi chetu cha wagonjwa wa kansa, Busia: aliyetangulia humshika anayefuata. Mwalimu Consolata, mkubwa wetu, aliyemaliza matibabu miaka miwili iliyopita, alinikabidhi Nafula mwezi Januari. Mama wa Marachi, miaka thelathini na nne, watoto wawili, kansa ileile yangu. Ijumaa tulikaa viti vya kupakana kule Eldoret, mimi dawa ya tano, yeye ya pili. Nilimfundisha kutafuna tangawizi. Ananiamini mno. Napenda hivyo, sitajidanganya.

Jumatano, 5 Machi

Vidonda vya mdomo. Agnes amenipikia mboga ya mrenda na ugali laini wa muhogo. Umeteleza bila kuuma. Nimempigia Nafula kumwambia naye apike mrenda, aweke magadi kidogo tu.

Alikuwa analia. Nywele zimetoka zote asubuhi, mtoto mdogo akamkimbia. Nikamwambia kichwa changu kina umbo la yai la bata na bado mzee wangu hajahama kitanda chetu. Akacheka. Kazi yangu kwa leo imekwisha.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua ya kwanza. Mbu wametoka wote, utafikiri waliitwa mkutano. Mguu wa kushoto unaniuma. Je, kansa imerudi? Nimejigusa tumbo mara kumi. Hakuna kitu. Nimejigusa tena.

Jumamosi, 8 Machi

Nafula amepiga saa kumi alasiri. Sauti ya chini.

"Mama Ekesa, mwili inachemka. Na baridi inanishika. Nifanye nini?"

Nikamuuliza kama mgongo unauma. Unauma. Viungo? Vinauma. Nikamwambia hiyo ni malaria, mvua imenyesha juzi, wewe ulitaka nini? Amtume mzee wake Barasa duka la dawa, achukue dawa ya malaria, anywe uji, ajifunike. Asihangaike kwenda hospitali Jumamosi hii kukaa benchi na watu wanaokohoa. Watampima malaria tu na kumpa dawa hiyohiyo.

"Wewe ilikupata hivi?"

Ilinipata, wiki ya mwaka mpya, baada ya dawa ya pili. Nikameza, nikatoka jasho, siku ya pili niko jikoni. Nikamwambia hivyo. Akashukuru sana. Nikajisikia mtu wa maana.

Jumapili, 9 Machi

Nafula asubuhi: ametoka jasho, yuko nafuu. Nimeenda misa nikiwa mwepesi.

Saa nane nimepiga, simu imeshikwa na mtoto wake wa kwanza, anasema mama amelala. Saa kumi na moja nimepiga, hakuna aliyeshika. Saa kumi na mbili, hakuna.

Watakuwa kwa mama mkwe. Au simu imeisha moto.

Sina raha.

Jumatatu, 10 Machi

Mwalimu Consolata amepiga asubuhi. Nafula yuko hospitalini Busia. Barasa alimpeleka alfajiri kwa gari la jirani, Nafula hajui aliko, anaita watu waliokufa. Si malaria. Damu haina hata mdudu mmoja wa malaria. Chembe nyeupe ndizo zimeisha, zile za kupigana na maradhi. Kemo imezifagia. Kitu kidogo tu kimeingia na kikakuta mlango wazi, sasa kiko kwenye damu. Amewekwa chumba cha peke yake.

Kisha Mwalimu akasema, "Alikaa na joto siku mbili nyumbani, akimeza dawa ya malaria. Sijui ni nani alimwambia huo upuzi."

Nilinyamaza.

Nimeiandika ili niione. Nilinyamaza. Nikamwambia nitamwombea, nikakata simu.

Jumanne, 11 Machi

Nimeitafuta karatasi ya maagizo tuliyopewa siku ya kwanza kule Eldoret. Ilikuwa ndani ya Biblia, imekunjwa vizuri. Mstari wa pili kutoka juu: ukipata joto la mwili, siku yoyote, saa yoyote, usingoje, njoo hospitali. Umepigiwa mstari kwa kalamu. Kalamu yangu mwenyewe.

Niliusoma kabisa. Halafu nikapata homa yangu, nikapona kwa bahati, nikaifanya bahati kuwa elimu. Huku kwetu mtoto akipata joto ni malaria, mzee ni malaria, mtu akichoka na shamba ni malaria. Nimezaliwa Angurai na kulelewa kwa neno hilo. Karatasi moja ingeliondoa vipi?

Huo ni utetezi. Siuhitaji.

Mdomo huponza kichwa, wazee walisema. Wangu umeponza kichwa cha mwenzangu.

Nataka kwenda. Mwalimu amekataa kabisa. Chembe zangu nazo ziko chini wiki hii, nikiingia wodini nitalazwa kitanda cha pili. Nimenawa mikono mpaka ngozi imechubuka.

Jumatano, 12 Machi

Bado.

Alhamisi, 13 Machi

Joto halishuki. Wamebadilisha dawa ya dripu. Barasa amenipigia mwenyewe, mara yake ya kwanza. Nilijua amepiga kunilaani na nikakaa kitako kupokea.

"Mama Ekesa, nilitaka kusema asante. Huyu bibi yangu anakuongeleaga wewe kila siku. Wewe ndio ulimshikilia."

Nilimwambia Mungu ni mwema. Ni neno gani hilo la kumwambia mtu!

Mzee wangu ameniuliza kwa nini sili. Nimemwambia yote. Amesema niseme huko ninakotakiwa kusema, si kwake. Ana haki. Nimekasirika naye hata hivyo.

Jumamosi, 15 Machi

Mkutano wa kikundi. Muuguzi wa Eldoret alikubali kwa simu niende, nikivaa barakoa na nisisalimiane kwa mikono. Ukumbi wa kanisa, Busia, wanawake tisa na viti vya plastiki.

Mwalimu Consolata alianza kwa sala ya Nafula. Walipoitikia amina nilisimama, maana nikikaa tena nisingesimama. Nikasema aliyemwambia ni mimi. Nikasema na siku niliyosema, na saa, na maneno.

Nilitegemea Mwalimu anifokee. Alivua miwani akaifuta, akaifuta tena. Ndipo Naume, yule mnene anayeuza mitumba, akafungua mkoba wake polepole na kutoa pakiti ya dawa ya malaria.

"Na mimi uliniambia. Mwezi wa kwanza. Natembeanga nayo."

Mwingine akatoa yake. Kisha wa tatu, mama mzee wa Nangina ambaye sijawahi hata kuongea naye. Aliambiwa na Naume.

Pakiti tatu juu ya meza, kando ya themosi ya chai. Wanawake watatu walikuwa wakibeba kosa langu mkobani kama rozari, wakijua linawalinda. Nilikaa.

Hapo Mwalimu akafoka. Alifoka kwa wote, kimwalimu, akisimamisha kila mmoja aseme kwa sauti atafanya nini akipata joto. Naenda hospitali. Naenda hospitali. Zamu yangu ilikuwa ya mwisho. Akanisubiri. Wote waliniangalia mpaka niliposema.

Jumatatu, 17 Machi

Joto limeshuka asubuhi. Likapanda jioni. Barasa ameacha kupiga, anaandika tu. "38." "39." Nimeanza kuogopa mlio wa simu. Agnes akiniita kwa sauti ya juu kidogo nashtuka.

Akifa sitamaliza dawa ya sita. Nimemwambia mzee wangu hivyo. Akaniambia nisiongeze maiti ya pili kwa mdomo.

Jumanne, 18 Machi

"37." Kisha tena "37." Kisha "Amekunywa uji."

Nimelia mbele ya madereva wanne na sahani zao.

Jumatano, 19 Machi

Nimemwona. Nyuma ya barakoa, kutoka mlangoni, kisha muuguzi akaniruhusu kiti. Nafula amebaki macho na mikono. Barasa alitoka kutafuta chai.

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima kutoka Malaba. Yalitoka ovyo. Nikamwomba msamaha, nikamwambia karatasi nilikuwa nayo, nikamwambia nilijifanya daktari. Aliniacha nimalize.

"Mama Ekesa, mimi nilijua."

Sikuelewa.

"Ile karatasi hata mimi niko nayo. Na dokta aliniambia na mdomo yake. Joto, kuja. Nilijua."

"Sasa ulinipigia ya nini?"

Akageuza uso ukutani. Akasema mama yake mzazi aliingia wodi ya hospitali hii akiwa na homa, akatembea kwa miguu yake, hawakumrudisha kwa miguu. Jumamosi ile joto lilipoanza alishika simu. Jina la Mwalimu lilikuwa juu ya langu. Akaliruka.

"Mwalimu angenituma hapa. Wewe nilijua utaniambia nikae nyumbani. Nilikuwa nataka mtu aniambie nikae."

Nilikasirika. Siandiki uongo hapa, nilikasirika sana. Siku tisa nimejitafuna, kumbe nilichaguliwa kwa sababu nina mdomo mwepesi! Nilitaka kuinuka niondoke. Halafu nikaona mkono wake umeshika ukingo wa kitanda kwa nguvu zote, akingoja nione niondoke au nikae.

Nikakaa. Nikamwambia sisi wote wawili ni wapumbavu. Akasema yeye ni mpumbavu mgonjwa, mimi ni mpumbavu mzee. Tulicheka mpaka muuguzi akaja kutunyamazisha. Chini ya kicheko hofu yangu iko palepale. Nimekuwa mtu wa kupigiwa na anayetaka kudanganywa.

Ijumaa, 21 Machi

Eldoret. Dawa ya sita. Kiti cha jirani kilikuwa na mtu mwingine, mwanaume, kansa ya koo. Yake Nafula imesogezwa mbele mpaka damu ijae. Nimemaliza. Walinipigia makofi. Sikusikia chochote ndani.

Jumatano, 26 Machi

Nafula ametoka hospitali. Yuko kwao Marachi. Chai ina ladha ya chuma. Nimepima joto mara sita. Agnes anasema nitakichakaza kipimajoto.

Jumatatu, 31 Machi

Leo baada ya chakula cha mchana baridi imenishika mabegani. Nimepima. 38 na pointi mbili. Nimesubiri kidogo, nimepima tena. Ileile.

Nimekaa kitandani na simu. Kidole kilikuwa kinatafuta jina la Agnes. Yuko hatua kumi tu, jikoni, lakini nilitaka kumpigia, nisimwone uso, aniambie ni uchovu, ni jua, nilale. Angesema hivyo. Ananipenda.

Nimempigia Nafula.

Nimemwambia namba tu. Hakuniuliza mgongo wala viungo.

"Vaa viatu, Mama Ekesa."

Nikamwambia huenda ni kipimajoto.

"Viatu umevaa?"

Mzee wangu amenileta hospitali. Naandika haya kwenye benchi, juu ya magoti. Nimewaambia mapokezi kwamba niko kwenye kemo na nina joto, wameliweka jina langu mbele ya wote, wameenda kuandaa chumba. Naogopa.

Simu sijaikata tangu nyumbani. Nafula haongei. Ameiweka mahali karibu na karai, namsikia akiosha vyombo.