Miamba Alimofichwa Mbula

Jumamosi. Jua kali, na upepo haujatulia tangu asubuhi. Viganja vyangu vimechubuka, kushika kalamu kunauma, lakini nisipoandika leo najua sitaandika tena.

Leo nimempeleka mama kwenye miamba ya ziwa Kitangiri.

Ameniomba jambo hilo kwa miaka miwili. Kila nilipokuja likizo kutoka Shelui ninakofundisha, nilimjibu, "Likizo ijayo, mama." Nilisingizia madaftari ya wanafunzi. Ukweli ni kwamba naogopa maji. Safari hii nimemkuta anapapasa ukuta kutafuta mlango. Jicho moja limekwisha, la pili limeingia ukungu. Nikaona aibu.

Njia ya miguu haipo tena. Ziwa limepanda na matete yamefunga ukingo wote. Shemeji yangu Msengi, kaka wa mke wangu, ni mvuvi. Akatupakia kwenye mtumbwi wake. Yeye alikaa nyuma, mama katikati, mimi mbele na kafi nisilojua kulitumia.

Tulipoyapita matete hatukuwa na kinga tena. Mawimbi yalitupiga ubavuni, maji yakaingia mpaka mama akalowa magoti. Nikaacha kafi nikawa nachota maji kwa kopo. Miamba ilipoanza kuonekana, Msengi akasema, "Shemeji, hapa hatushuki. Tutapondwa kwenye mawe. Turudi."

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mama akasema, "Nisogezeni tu, baba, sauti ifike. Sina haja ya kushuka."

Msengi akanitazama. Nikatikisa kichwa kukubali, sijui kwa nini.

Nilijua nilikuwa na dada aliyefariki wakati wa vita vya Mjerumani na Mwingereza, nami bado nanyonya. Nilidhani ni homa. Nyumbani hakutajwa. Leo mama alisimulia akiwa ameielekea miamba, kana kwamba sisi hatupo.

"Askari walikuwa wanakamata watu wabebe mizigo. Baba yenu walishamchukua. Nikakimbia nanyi kando ya ziwa, wewe mgongoni, Mbula kwa miguu. Mguu wake ukaingia mwiba, ukavimba, akashindwa kutembea. Sikuweza kubeba wawili."

Msengi alikuwa akipambana na kafi ili mtumbwi usigeuke.

"Ningekuficha wewe ungelia, wangekusikia. Yeye alikuwa na akili. Nikamwingiza kwenye ufa wa mwamba, nikamwambia, hata ukisikia unaitwa usiitike, mimi nitakuja kukushika mkono. Nilitaka nikufikishe kwa bibi yako, kisha nimrudie. Wakanikamata njiani, wakanitwika unga, nawe ukiwa mgongoni. Siku ya tano nikatoroka. Nikarudi hapa, mawe yote yakafanana, ule ufa nisiuone. Nikaita mpaka sauti ikakauka."

"Hakuitika?" nikauliza.

"Nilimkataza mwenyewe."

Miaka yote hii nimekuwa nikisifiwa kwamba mimi ndiye mtoto aliyebaki. Kumbe nilibebwa kwa sababu nilikuwa mtoto wa kulialia.

Mama akashika kingo za mtumbwi kwa mikono miwili, akaita kwa Kinyiramba, kwa sauti ambayo sikujua anayo. "Mbula! Itika sasa, mwanangu. Wameondoka." Akaita mara tatu. Kila mara alitega sikio, akangoja. Msengi aliinamisha kichwa lakini hakuacha kupiga kafi. Tulisikia mawimbi tu.

Kisha akasema, kwa utulivu kabisa, "Haya. Turudi."

Tulipofika alikula ugali wote aliopewa. Sasa amelala, na uso wake umelegea. Mimi sijaweza kula.

Sina hasira naye. Nimejichunguza kutwa, sikuiona. Ila nimemnyima safari hii miaka miwili, wakati macho yake bado yangeweza kuyatenganisha yale mawe. Hilo ni langu, si la vita.

Nimewaita wanangu watatu nikawaambia wana shangazi anayeitwa Mbula. Mdogo akauliza anakaa wapi. Nikamwonyesha upande wa ziwa.

Kesho ni Jumapili. Nitapiga magoti kanisani kando ya mama, na sijui bado kama nitashukuru au nitaomba msamaha.