Albamu ya Pili, na Mimi Simo

Mwanangu Rukia,

Barua hii naiandika wazi, hapa hapa kwenye ukurasa wako ambako watu wanabishana juu ya albamu yako, kwa sababu simu yangu hupokei tangu siku ile. Uliniuliza, "Mama, umeionaje?" Nikakujibu, "Nzuri. Umekula?" Ukasema, "Nzuri tu?" Kisha ukaniaga kwa adabu zako zote. Wewe ukiwa na hasira ndipo adabu zinapozidi. Tangu hapo napata ujumbe wa salamu tu kutoka huko Nairobi, na mimi mwenzio sina raha.

Basi nikueleze kwanza watu wanasemaje, halafu nitakuja kwangu.

Albamu ya kwanza haikuwa na ugomvi. Ilikuwa na ngoma, ilikuwa na vibwagizo, na hapa Kikwajuni harusi haikwishi bila hiyo kupigwa. Hii ya pili ni wewe na piano yako peke yenu, na watu hawajui waiweke wapi. Jirani yetu Bi Zuwena aliisikiliza mwanzo hadi mwisho, akaja kunambia mlangoni, "Mwanao kalala huyu. Hebu mwamshe." Rafiki yako Nasra anaipiga huku akiwapaka hina mabibi harusi. Anasema, "Ile ya kwanza nilikuwa nnaicheza, Mama Rukia. Hii nnaikalia kitako." Lakini bibi harusi mmoja alimwomba aizime, maana wanja ulikuwa ushaanza kumchuruzika.

Na watu wa kwetu unawajua. Tumelelewa na taarabu. Mtu akiimba hatuulizi kaimba nini, tunauliza kaimbiwa nani. Wimbo wa kucheza hauna swali hilo, watu wanacheza yakaisha. Wewe sasa umetuimbia polepole, neno moja moja, umetupa nafasi ya kutafuta. Sote tumetafuta.

Bi Zuwena alipousikiliza tena ule wimbo wa "Chombo", unaposema kilichotoka kwa wema hakikurudi, akasimama. Kesho yake akaja na bakuli langu la kaimati alilolichukua Ramadhani iliyopita, kalisugua mpaka linang'aa. "Angenambia mwenyewe," akasema. "Si mpaka anipashe mbele ya dunia nzima." Nikamwambia mtoto hana habari na bakuli, anaimba mapenzi. Hakuniamini. Siku hizi ukimuuliza atakwambia albamu yote imepoa, ila wimbo huo mmoja una sumu, naye anausikiliza kila siku.

Na baba yako je? Nilikwenda Mlandege kununua zipu, nikaisikia sauti yako kabla sijalifikia duka lake. Tangu tuachane akahamia Mpendae, pale dukani sipiti ila nikiwa na haja. Nikamkuta amekaa nyuma ya mitandio yake, wimbo wako wa "Ngazi" unapigwa, wateja wanataka kuongea na yeye anawanyamazisha.

"Huo wimbo wangu," akanambia.

"Unayasikia maneno lakini?" nikamuuliza. "Anasema ulishuka bila kugeuka."

"Nnayasikia. Kasema kweli. Sikiliza basi anavyoipiga hiyo piano."

Tukausikiliza mpaka mwisho, yeye amekaa, mimi nimesimama na zipu yangu. Hatujawahi kunyamaza pamoja kwa muda wote huo, hata tulipokuwa mke na mume. Ulipokwisha akaurudisha mwanzo, nikamuaga.

Huku ukurasani wapo wanaosema umejivuna, umewatupa watu wa ngoma waliokupandisha. Wapo wanaosema sasa ndiyo umeimba wewe mwenyewe. Siwaamulii. Kwa sikio langu, wimbo wa pili piano imeyafunika maneno, na ule mrefu ungekwisha mapema usingepungukiwa na kitu. Wa mwisho, usio na neno hata moja, ndio ulioniweza. Ukianza naacha ninachokifanya, na chakula kishaniungulia kwa ajili yake. Hayo ndiyo maoni yangu, na ningeweza kukwambia siku ile ile uliponiuliza.

Lakini sikuweza, kwa sababu na mimi nilikuwa natafuta.

Niliketi sebuleni nikaisikiliza yote. Nikamkuta baba yako. Nikalikuta ghorofa letu na ndoo za maji tulizokuwa tukizipandisha. Nikamkuta Nasra na kicheko chake. Hata yule paka kilema wa chini yumo. Mimi simo. Nikaanza tena mwanzo, nikidhani kuna neno limenipita. Simo. Nilimwonea wivu Bi Zuwena na bakuli lake, Rukia, na nakwambia bila haya.

Nikakumbuka jioni zile kinanda chako kidogo cha umeme kilipokuwa juu ya meza ya chakula. Siku moja umeme ulikatika, na wewe hukuacha kubonyeza. Nyumba nzima kiza, nasikia vidole vyako tu vikigonga plastiki. Nikakwambia, "Umeme ushakatika, mwanangu." Ukanijibu, "Mie nnasikia, mama." Nikavuta kiti nikakaa karibu yako nisikilize vidole, mpaka umeme uliporudi ukatushtua sote wawili. Nikajiuliza, hata hilo halikustahili mstari mmoja?

Imenichukua muda kupata jibu, na nimelipata kwa kumfikiria baba yako pale dukani. Wewe hujawahi kumwambia neno juu ya kuondoka kwake. Kila ukienda ilikuwa shikamoo baba, marahaba, unapewa soda, unarudi nyumbani. Yeye umemwambia kwa wimbo kwa sababu kwa mdomo hukuweza.

Mimi uliniambia yote. Tulipokuwa tukirudi kutoka chuo cha muziki, tukikata Darajani, ulikuwa husubiri hata tufike nyumbani. Ulinambia mwalimu gani humpendi na kijana gani unampenda. Ulinambia gauni nililokushonea la Idi limekufanya kama gunia la unga. Na baba yako alipoondoka, mimi nalia jikoni, ulikuja ukanishika bega ukanambia, "Mama, na wewe una ulimi." Ningeweza kukupiga siku ile. Badala yake tulicheka, na kweli ulimi ninao.

Kwa hiyo nimeelewa kwa nini simo. Hukuwa na neno la kuniambia mimi ulilolibana kifuani mpaka litafutiwe sauti. Nilikuwa nimenuna kwa jambo ambalo mama wengine wangelishukuru, na wewe huku unangoja jibu la maana kutoka kwangu, ukapewa "nzuri" na habari za chakula. Albamu yako ni nzuri, mwanangu, na sisemi nzuri tu. Imewafanya watu waliokuwa hawasemezani waseme, na imenifanya mimi nigombane na nafsi yangu. Ya kwanza niliipenda kwa kuwa ni yako. Hii ningeipenda hata kama ingekuwa ya mtoto wa mwingine.

Sasa hofu yangu ni moja. Siku hizi neno langu unalo. Umekaa nalo huko Nairobi kimya kimya, hulisemi, na piano iko hapo hapo chumbani.

Nipigie. Niambie nilikuumiza, niambie na mengine kama yapo, nitayasikiliza yote na sitakuuliza kama umekula. Ya pili nilitamani sana kuwamo. Ya tatu, tafadhali, sitaki kuwamo.

Ni mimi mama yako,
Kikwajuni, simu iko mkononi.