Akidi Imetimia kwa Wifi, Mpwapwa

Mama, shikamoo.

Vumbi la huku limenijaa hadi kwenye kope, lakini leo nimecheka! Mwenyekiti wa kijiji alikuwa akikwepa kuulizwa kwa nini kisima kimefungwa kufuli. Kila mkutano aliuahirisha, eti akidi haijatimia. Basi asubuhi wanawake wakapita nyumba kwa nyumba na ngoma, wakaleta kijiji kizima, vikongwe wakiwa juu ya mikokoteni ya punda. Mwenyekiti akakosa hata pa kukaa! Ikapigwa kura kisima kifunguliwe, nami nikanyoosha mkono. Wifi akaushusha haraka: “Mgeni huna kura hapa. Shika ngoma!”

Nakuletea mlenda mkavu, Mama. Ugali utasonga wewe, viganja vyangu vimevimba.

Mwanao akupendaye,
Neema